Uvimbe Ushuke Kwanza

3 Machi

Mvua imeanza. Paa la chumba cha meno linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kiti cha mgonjwa, kwa hiyo tumekisogeza kiti hadi dirishani, na sasa taa haikifikii vizuri. Nimeng'oa meno kwa mwanga wa tochi ya simu aliyoishika nesi. Mkono ukimchoka, mwanga unahamia puani kwa mgonjwa, na nesi analalamika kana kwamba yeye ndiye anayeng'olewa.

Nimejiwekea nadhiri kwamba msimu huu sigombani na mtu. Mkuu wa kituo chetu cha afya amepeleka jina langu kwa ajili ya masomo ya upasuaji wa kinywa na taya, na majibu yatatoka kabla mvua hazijaisha. Mdomo wangu huu, ambao marehemu mama alisema utaniponza, nitaufunga. Nitakayoshindwa kuyameza nitayaandika humu.

5 Machi

Wagonjwa wengi, mvua nyingi, Mkuu yuleyule.

8 Machi

Nadhiri yenyewe hata wiki haijamaliza, na tayari nasaga meno.

Leo amekuja mama muuza vyombo, shavu limemjaa mpaka jicho linaanza kujificha. Ukibonyeza fizi unausikia usaha unacheza chini ya kidole. Kazi yake inajulikana: ganzi, upasue kidogo, usaha utoke, jino litoke, mama aende zake akalale. Lakini Mkuu ana sheria yake, na ameibandika ukutani kwa herufi kubwa: UVIMBE USHUKE KWANZA. Jino likiwa limevimba haling'olewi. Mgonjwa apewe kapsuli, arudi wiki ijayo.

Hawarudi. Nani, kwa akili zake timamu, atafunga safari kwenye mvua kuja kung'olewa jino lisilouma? Kapsuli zinatuliza kwa muda, mtu anafurahi, anaacha dozi katikati na kuzihifadhi zilizobaki kwa siku nyingine. Na jino bado limo. Jino lililokufa ndani halina damu, na dawa husafiri kwa damu, sasa itafikaje? Bakteria wamejikalia mle kwenye mzizi, wanasikilizia tu harufu ya dawa kwa mbali. Walio wanyonge wanakufa, wenye nguvu wanabaki, na hao ndio wanaozaa. Kila tukimpa mtu nusu dozi tunawachagulia wazazi.

Nilimweleza Mkuu hayo mwaka juzi, nikamweleza na mwaka jana. Alinisikiliza vizuri kabisa, akanishukuru, na karatasi ikabaki ukutani. Si mjinga yule, na hilo ndilo linaloniudhi. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu, na watoto hawamlilii.

Leo sikusema kitu. Nimemwandikia mama kapsuli, akavuka barabara kwenda kuzinunua kwa dada yangu.

9 Machi, Jumapili

Chakula cha mchana kwa Dada, pamoja na watoto wake. Ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, ananizidi miaka sita na ananiamrisha kama ananizidi sitini. Ana duka la dawa mkabala na kituo chetu, na mtaa mzima unamwita "daktari", jina ambalo mimi nililisomea miaka mitano na hawanipi. Mtu akiwa na kikohozi, akiwa na jipu, akiwa na mimba, anaanzia kwake. Anauza kapsuli kwa kukata pakiti na mkasi: nne, sita, yoyote unayotaka.

"Dada, nne hazitibu kitu," nikamwambia kwa mara ya elfu.

"Mtu kaja analia na shavu lake, nimwambie nini? Arudi nyumbani akalie vizuri?"

"Umlete kwangu."

"Kwako akiletwa unampa karatasi anarudi kwangu! Tunapigiana mpira tu, mdogo wangu. Kula, chakula kinapoa."

Nikavuta sahani. Nikala.

Mume wake, Shemeji, ni fundi wa nguo. Cherehani chake kiko ukumbini kwao, na yeye huongea huku amebana pini kwenye midomo, mpaka nimezoea kumsikia hivyo. Leo nimeona pini zote zimehamia upande mmoja. Nikamwambia afungue mdomo. Akakataa kama mtoto. Mwishowe nikamshika kidevu, nikaona gego la chini limetoboka, na mle ndani mna unga mweupe umegandamana.

"Hiki nini?"

"Dawa," akasema. "Nafungua kapsuli, namwaga unga humohumo ndani ya shimo. Kwa nini nimeze, izunguke mpaka miguuni, wakati ugonjwa uko hapa?"

Jamani! Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikakasirika. Nikamwambia unga ule unachoma fizi, na bakteria haujawafanya kitu isipokuwa kuwazoeza. Akasema sawa, lakini koleo langu na sindano asivione.

"Fundi mzima, unashinda na sindano mdomoni, ya kwangu unaikimbia!"

"Zangu naziendesha mimi, Shemeji Koleo. Yako inaniendesha."

Hilo ndilo jina alilonipa siku nilipomaliza chuo. Hakuna mwingine ninayemruhusu kuniita hivyo.

15 Machi

Mvua usiku kucha, asubuhi barabara ni tope tupu. Nesi hakuja. Nimeshika tochi kwa mkono wangu mwenyewe.

19 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo silipendi, naliandika kama lilivyokuwa.

Saa nne asubuhi nainua uso namwona Shemeji mlangoni, kofia mkononi, analowa mvua kwa sababu hataki kuingia na hataki kuondoka. Shavu la kulia limevimba. Si sana, lakini limevimba. Nesi akampisha, akaingia, akakikalia kile kiti kwa ncha ya makalio kama kiti cha moto.

"Sikulala," akasema. "Nimejiambia leo liwalo na liwe. Ng'oa kabla sijabadili mawazo."

Nikamtazama. Mdomo unafunguka vizuri, ulimi uko mahali pake, homa ndogo, usaha uko karibu pembeni ya fizi, umejikusanya unasubiri kutolewa. Ndiyo kesi rahisi kuliko zote. Nikavuta ganzi kwenye bomba. Akafumba macho, akashika mikono ya kiti, jasho linamtiririka shingoni na mvua ya baridi iko nje. Akafungua mdomo. Naapa alikuwa amefungua mdomo.

Mkuu akapita. Akasimama mlangoni na chai yake.

"Limevimba hilo?"

"Kidogo tu, Mkuu. Usaha uko juu."

"Utaratibu unaujua." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli. Akaongeza, "Nimepigiwa simu jana kuhusu jina lako. Wameniuliza maswali, nimewajibu vizuri." Kisha akabaki palepale, anakunywa chai.

Ningeweza kusema. Ningeweza kumwambia, Mkuu, naomba tu leo, huyu hatarudi, namjua. Maneno yalikuja mpaka kwenye ulimi na mimi nikayarudisha. Nikaweka bomba kwenye trei.

"Shemeji, tutatuliza uvimbe kwanza. Nitakuandikia kapsuli. Umalize dozi yote, unasikia? Urudi wiki ijayo."

Akafumbua macho. Kwanza hakuelewa. Kisha akajipangusa jasho na kofia, akacheka kidogo.

"Wiki ijayo ushujaa mwingine nitautoa wapi, Shemeji?"

Nikajifanya nasafisha vyombo. Mkuu akaondoka na kikombe chake, akasema, "Vizuri." Nikamchukia kwa kusema vile, na mimi mwenyewe nikajichukia zaidi.

23 Machi, Jumapili

Kwa Dada tena. Uvimbe umeshuka, Shemeji anakula. Dada anawasimulia watu waliokuja kumtembelea: eti mume wake alifika hadi kwenye kiti cha mdogo wake, akaona bomba la sindano, akatoka mbio akaacha na kofia! Anaigiza anavyokimbia. Wageni wanashika mbavu. Shemeji naye anacheka, kichwa chini, anakata uzi kwa meno ya upande mzuri.

Nikamwangalia. Hakuniangalia.

Nami nikacheka pamoja nao.

31 Machi

Leo mgonjwa mmoja tu. Daraja la chini limefunikwa na maji.

4 Aprili

Nimekwenda kupimwa makoti meupe, Shemeji anataka kunishonea matatu ya kwenda nayo masomoni. Nikamwambia jina halijapita bado. Akasema litapita, na kitambaa ameshakikata.

Dada alikuwa dukani. Nikamuuliza Shemeji kwa nini alimwambia Dada kwamba alikimbia.

"Ningemwambia umenirudisha, angevuka barabara akavunja vioo vyote vya kituo chenu. Humjui dada yako? Na wewe unangoja jina lako. Mimi kuitwa mwoga si kitu, nimeitwa mwoga tangu utoto." Akavuta futi ya kupimia begani mwangu. "Simama wima, Shemeji Koleo."

Nikamwuliza dozi alimaliza? Alimaliza nusu, maumivu yalipoisha akaacha. Zilizobaki amempa fundi mwenzake mwenye kidonda cha mguu. Nikamwambia basi njoo kesho, sasa hakuna uvimbe, sheria inaruhusu, nitaling'oa mwenyewe.

"Haliumi sasa."

"Litauma."

"Likiuma nitameza. Uvimbe umeshuka, si ndivyo mlivyotaka?"

Alisema bila ubaya wowote. Ningemshika mkono siku ileile nikamburura. Badala yake nilinyoosha mikono, akanipima urefu wa mkono wa koti.

11 Aprili

Jina langu limepita.

12 Aprili

Mkuu amenikumbatia mbele ya wafanyakazi wote, akasema mimi ni binti yake wa kazi. Machozi yalimlengalenga, na ya kweli. Najaribu kumchukia mtu huyu na yeye hanisaidii.

Dada ameleta soda kreti nzima. Shemeji hakuja, kichwa kinamuuma kidogo, amemeza kitu.

16 Aprili

Mvua haikati. Dada anasema jino limemrudia tangu majuzi, na kapsuli za safari hii "hazishiki". Amempa aina nyingine, ya bei juu. Nikasema kesho asubuhi nitampitia, apende asipende, karatasi ya ukutani iende zake.

17 Aprili

Sikumpitia mimi. Alfajiri Dada ndiye aliyekuja kunigongea, miguu mitupu.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda ameinama mbele, mate yanamdondoka, hawezi kuyameza. Hawezi kulala chali, akilala anakosa hewa. Uvimbe umetoka kwenye shavu umeshuka chini ya kidevu, pande zote mbili, na ngozi ni ngumu kama ubao. Ulimi umeinuliwa juu. Akaniambia kitu kwa sauti ya mtu mwenye chakula cha moto mdomoni. Sikuelewa. Akarudia, nikaelewa: "Ng'oa sasa."

Niliwahi kuona picha za hali hii darasani. Mwalimu alituambia tukiiona tusiguse kitu, tukimbie na mgonjwa mpaka penye watu wa kufungua koo.

Gari la kituo halina tairi la maana. Tulipata gari la mizigo la jirani. Daraja limefunikwa, tukazunguka njia ya juu, na kila tulipokwama kwenye tope tulishuka mimi na Dada kusukuma, kisha tunarudi kumshika akae wima. Dada hakulia. Alikuwa anamgombeza njia nzima: "Mtu mzima wewe! Jino moja! Ulikaa kwenye kiti cha mdogo wangu ukakimbia! Usinifie kwa uoga, unanisikia? Usinifie kwa uoga!"

Naye alikuwa akinitazama mimi. Hawezi kusema, lakini macho yake yaliniambia ninyamaze, dada yako yuko moto, si sasa. Nikanyamaza.

Hospitali kubwa walimpokea mbio. Wamemtoboa koo apumue, wakampasua chini ya taya pande mbili. Nimeambiwa usaha haukuwa mwingi kama walivyotarajia, nyama yenyewe ndiyo imeoza. Yuko kwenye chumba cha mahututi. Tope limenikaukia mpaka magotini na sijanawa.

18 Aprili

Hajaamka. Wanamchoma sindano za dawa tatu. Homa haishuki.

20 Aprili

Nimeshuka maabara kuuliza usaha waliouotesha. Mtaalamu wa pale ni mama mmoja mkavu, haongei sana. Nilipojitambulisha akaniita ndani nione mwenyewe.

Sahani ndogo, ndani yake chakula cha bakteria kimeganda kama uji wa jana. Juu yake amepanga vikaratasi vya duara vilivyolowekwa dawa, kila kimoja dawa yake. Dawa ikifanya kazi, kikaratasi kinazungukwa na duara safi, bakteria hawasogei. Ndicho tunachokitafuta.

"Hii ni ile mnayowapa watu kule kwenu," akasema. Hakuna duara. Wamekua mpaka wanagusa karatasi. "Hii ni ile ya bei juu." Vilevile. "Na hizi ni sindano tatu anazochomwa huko juu wodini, kwa siku zote hizi." Moja ina kiduara chembamba, nyingine mbili hazina kitu. Walikuwa wamekua wanono, wanang'aa, hata aibu hawana.

Kimoja tu, pembeni, ndicho kilikuwa na duara pana.

"Hiyo hatunayo," akasema. "Mjaribu nje."

Nikamwuliza kama anaona nyingi za namna hii. Akafungua friji, rafu zote zimejaa sahani kama ile. Akaifunga tena.

Nilimwandikia Dada jina la dawa kwenye kiganja. Yeye, anayewajua wauza dawa wote wa mji huu na wa mji wa pili, alitoka kwenye mvua akaanza kuzunguka. Safari hii hakutafuta nne wala sita. Alirudi jioni na boksi zima la vichupa kifuani, ndani ya gauni, lisilowe.

22 Aprili

Wameanza ile dawa jana. Figo zimeanza kuchoka. Daktari wa upasuaji, kijana mdogo tu, amenikuta kwenye ukumbi. Hakujua mimi ni nani kazini, amenijua kama shemeji wa mgonjwa.

"Lile gego nilipolishika lilikuwa linachezacheza," akasema. "Lingetoka kwa urahisi kabisa, wiki kadhaa nyuma, na mambo yakaishia pale. Sijui ni nani aliyemwacha nalo."

Akasubiri nijibu. Nikasema sijui.

23 Aprili

Amefariki saa nane mchana.

27 Aprili

Tumemzika juzi, mvua ikinyesha.

Leo familia zimekaa. Kaka yake mkubwa, mzee anayeheshimika, alimgeukia Dada mbele ya watu wote. "Umemlisha mdogo wangu vidonge vya dukani kwako mpaka vimemwua. Kila akiguna, wewe na mkasi wako." Wanawake wakaguna. Hakuna aliyemnyamazisha.

Dada hakujitetea. Alisema, "Ni kweli nilimpa, shemeji. Nilimpa kila alipoomba. Lakini na yeye alikuwa na daktari ndani ya familia, bure, ng'ambo ya barabara. Alifika hadi kwenye kiti akakimbia. Mdogo wangu huyu hapa, mwulizeni. Yeye hana kosa, jamani, alimngoja."

Wote wakanigeukia. Mzee akanitazama kwa huruma. Akasema, "Pole, mwanangu. Ulifanya uwezavyo."

Nikasema, "Asante, mzee."

Nimeyaandika maneno hayo mawili na nimeyatazama. Nimeshindwa kuyafuta na nimeshindwa kuyasoma tena.

5 Mei

Nimerudi kazini. Mkuu ameniita ofisini, amefunga mlango, amenipa kiti. Macho yake mekundu. Alisema kifo kile kimemnyima usingizi, amefikiria sana, na ametoa uamuzi: kuanzia leo, mwenye uvimbe asipewe kapsuli aina moja. Apewe mbili kwa pamoja. "Dawa ilikuwa hafifu," akasema.

Nilidhani nitampiga. Kweli kabisa, mkono ulijifunga wenyewe.

"Mkuu, aliingia chumbani na mdomo wazi. Ulimwona."

"Nilimwona."

"Ganzi ilikuwa mkononi mwangu."

Akasogeza kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akanihadithia jambo ambalo hajawahi kunihadithia. Alipokuwa kijana kama mimi alimng'oa mwalimu mmoja jino, taya limevimba, na baada ya siku chache mwalimu alikufa. Mjane alikuja akasimama nje ya dirisha lake kila asubuhi kwa muda mrefu, hasemi kitu. Tangu hapo hajagusa taya lililovimba. Nikamwambia huenda yule mwalimu alichelewa tu kufika, kung'olewa siko kulikomwua. Akasema, "Huenda." Kisha akasema, "Wewe ungemjibu nini yule mjane?"

Nilimdharau mtu huyu msimu mzima kwa kuwa mwoga. Sasa naona nimekuwa yeye, na mimi imenichukua mvua za mwaka mmoja tu.

7 Mei

Amekuja kondakta wa basi, shavu kama andazi. Nimefunga mlango kwa ufunguo, nesi ameshika tochi. Nimechoma ganzi mbali kidogo na usaha, nimepasua, nimetoa, nimeng'oa. Ameondoka anacheka upande mmoja. Kapsuli sikumpa hata moja, hakuwa na homa wala kitu. Mkuu alisikia yote kutoka nje ya mlango. Hajaniita.

9 Mei

Kondakta amepita kunionyesha. Amepona.

Nililia chooni.

14 Mei

Mvua zimekatika. Nimekwenda kwa Dada mchana, nimemkuta dukani, nusu mlango umefungwa. Mteja alikuwa anaondoka mikono mitupu, ananung'unika, kwa sababu Dada amekataa kumkatia pakiti. Nilifurahi kuona hivyo, nikajiona mjinga kufurahi.

Akanipa kibao nikae. Akasema nimekonda. Akasema makoti matatu yako tayari, mawili alimaliza marehemu, la tatu limemalizwa na fundi mwenzake. Kisha, huku anapangusa rafu, akaanza kusema bila kunigeukia.

"Unajua kinachonila? Si maneno ya kaka yake. Hayo nitayabeba, ni yangu. Kinachonila ni kwamba nina hasira na maiti. Nikikaa nimlilie, namwona anatoka mbio kwenye kile kiti chako. Ameona bora aniache na watoto kuliko kuchomwa sindano moja. Machozi yanakauka hapohapo. Mke gani ana hasira na mume aliyekufa? Wenzangu wanalia wanapona. Mimi silii."

Nilikuwa nimekuja kumuaga. Wiki ijayo naanza masomo.

"Dada, hakukimbia."

Akaendelea kupangusa.

"Hakukimbia, Dada. Alikaa. Mimi ndiye niliyemrudisha. Mkuu alisimama mlangoni, nilikuwa nangoja jina langu lipite, nikamwambia arudi wiki ijayo. Alikudanganya ili usigombane na mimi."

Kitambaa kikasimama.

"Alikaa kwenye kiti?"

"Alikaa."

"Na sindano akaiona?"

"Aliiona. Akafumba macho, akafungua mdomo. Mwenyewe. Akaniambia ng'oa."

Akageuka. Sijui nilitegemea nini, kofi, au kelele, mtaa mzima ukusanyike. Uso wake ulikuwa umefunguka, kama mtu aliyepewa kitu.

"Kumbe hakukimbia," akasema. "Kumbe mume wangu hakukimbia."

Na hapo akalia. Alilia kwa sauti, ameshika rafu, viboksi vinaanguka, kilio ambacho hakukitoa hospitalini wala makaburini. Nikanyoosha mkono nimshike bega. Akauondoa taratibu, kwa vidole viwili, kama unavyoondoa uzi kwenye nguo.

"Nenda masomoni," akasema alipoweza. "Nenda ukajifunze vizuri. Watu wanakuhitaji. Makoti nitakuletea kituoni. Hapa kwangu usije."

Nikatoka. Nikiwa bado kizingitini nikamsikia nyuma yangu akimwita mume wake kwa jina lake, anamwomba radhi.